UNAUITA MOTO GANI? Neno kwa mpendwa anayechomeka moyoni kwa sababu ya maoni ya wengine



Fungua Biblia yako, Luka 9:51-56. Isome polepole kabla hujaendelea hapa. Mistari ni sita tu.

Leo nasema na mtu mmoja. Ni yule ambaye kila akishika simu asubuhi moyo unaanza kwenda mbio kabla hata hajaomba. Anafungua kikundi cha familia, anakuta mtu ameandika kwamba wachungaji wote ni wezi. Anafungua kikundi cha kijiji, huku Rais anatukanwa, na huku anayemkosoa Rais anatukanwa zaidi. Anafungua kikundi cha wakulima, vita ni vya bonasi. Kabla maziwa ya chai hayajachemka ameshajibu watu wanne, na ametoka nyumbani akiwa amekunja uso. Watoto wanamwogopa na hawajui wamekosea nini. Hawajakosea chochote. Aliyemkasirisha yuko Nairobi, au Qatar, au ni mtu ambaye hajawahi kumwona uso wake.

Mpendwa, kama ni wewe, keti hapa kidogo. Bwana ana neno na wewe.

KIJIJI KILICHOFUNGA MLANGO

Yesu alikuwa safarini kwenda Yerusalemu. Akatuma wajumbe watangulie katika kijiji kimoja cha Wasamaria wamwandalie mahali pa kulala. Wasamaria wakakataa. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa anaelekea Yerusalemu. Hawakumpima kwa mafundisho yake wala kwa miujiza yake. Walitazama upande anaoelekea, wakasema huyu ni wa wale. Huyo si wetu.

Unaijua hali hiyo. Mtu hajasoma ulichoandika. Ameona jina lako la ukoo tu, au kanisa lako, au kaunti yako, na hukumu imeshatoka.

Basi Yakobo na Yohana wakapandwa na hasira. Hawa ndio ambao Yesu aliwaita wana wa ngurumo, Marko 3:17. Wakamwuliza Bwana kama angependa waite moto kutoka mbinguni uwateketeze watu wale. Sasa angalia vizuri. Ndugu hawa hawakuwa wapagani. Walikuwa na andiko! Katika 2 Wafalme sura ya 1, Eliya aliita moto mara mbili, na kila mara ukateketeza akida na watu wake hamsini waliotumwa na mfalme wa Samaria. Nchi ni ile ile ya Samaria, na nabii ni mkubwa. Kwa hiyo walikuwa na andiko mkononi, walikuwa na imani kwamba moto utashuka, na kosa la kijiji lilikuwa la kweli, maana kumnyima msafiri mahali pa kulala ni ubaya.

Na bado Yesu aligeuka akawakemea WAO. Kijiji hakukikemea.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Unaweza kuwa na hoja ya kweli, andiko la kweli na bidii ya kweli, na roho iliyo nyuma yake ikawa siyo. Sisi Wapentekoste tunaupenda moto. Tunauimba, tunauomba usiku kucha. Lakini nimesikia, na wewe umesikia, maombi ambayo moto wake unaitwa ushuke juu ya mtu aliyetupinga. "Kila ulimi ulioinuka juu yangu, moto!" Jina halitajwi, ila kikundi kizima kinajua anayeombewa ni nani. Ni yule aliyeuliza pesa za ujenzi zilienda wapi. Ni shemeji aliye upande mwingine wa siasa.

Hayo si maombi ya Pentekoste. Ni maombi ya Yakobo na Yohana, na Bwana alishayajibu: HAPANA.

MANENO HUWA HAYABAKI KWENYE SIMU

Labda unasema, "Mchungaji, haya ni maneno tu. Mtu akitukanwa mtandaoni hafi."

Mpendwa, sisi tunaishi karibu mno na Sondu kusema hivyo. Unajua soko lile. Upande mmoja ni Kericho, upande mwingine ni Nyakach kule Kisumu. Akina mama wa Kipsigis na akina mama wa Kijaluo wameuziana ndizi na mahindi pale miaka mingi. Lakini mwaka 2023 watu waliuawa katika mpaka ule, nyumba zikachomwa, na familia zikalala nje na watoto. Aliyechukua mshale hakuamka tu siku hiyo akauchukua. Kwanza alisikia neno, kisha akalirudia, kisha akamtumia mwenzake. Mshale ulikuja mwisho wa safari ya maneno.

Na kama taifa tunajua zaidi ya hapo. Baada ya uchaguzi wa 2007, Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa na watu zaidi ya laki sita wakakimbia makwao. Bonde letu la Ufa lilikuwa katikati ya moto ule. Ndiyo maana mwaka uliofuata sheria ilitungwa ya kuunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC. Na mwaka 2022, uchaguzi ulipokaribia, tume hiyo ilitoa orodha ya maneno ambayo yakitumika vibaya yanawasha chuki. Moja lilikuwa "madoadoa".

Sasa fungua Mwanzo 30:32. Neno hilo limo! Yakobo anamwomba Labani mifugo yenye madoadoa iwe ujira wake, na Mungu akambariki kupitia mifugo hiyo hiyo. Katika Biblia madoadoa yalikuwa mali ya Yakobo na baraka yake. Sisi Wakenya tulilichukua neno la baraka tukalifanya jiwe la kumpigia jirani. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni moyo wa anayelisema.

Tunaelekea Agosti 2027. Kelele itaongezeka, haitapungua. Ninaandika haya sasa ili moyo wako ujifunze mapema, maana hakuna anayejifunza kuogelea siku ya mafuriko.

VITA VILIVYO NDANI YA NYUMBA

Usidhani ninazungumzia watu wa mbali tu. Adui amegundua kwamba ni rahisi kututenganisha na wa karibu.

Kumbuka Juni 2024. Tarehe 25 vijana waliingia Bungeni Nairobi kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi. Vijana wa rika lao waliuawa siku hizo. Kwetu hapa jambo hilo lilikuwa na uchungu wa aina yake. Kwa wazee wengi, aliyekuwa akipingwa ni kijana wao, mtu wa nyumbani waliyemwombea na kumpigia kura. Kwa watoto wao waliomaliza chuo na wamekaa bila kazi, ilikuwa ni swali la maisha yao. Baba akaona mwana amekosa adabu. Mwana akaona baba hajali damu. Wote wawili ni washirika, wote wawili wanapokea meza ya Bwana, na hawasemezani.

Kisha yakaja ya kaunti. Oktoba 2024, na tena Agosti 2025, wawakilishi wadi wetu walipiga kura ya kumwondoa Gavana Erick Mutai, na mara zote mbili hoja ikaishia Seneti bila yeye kuondolewa. Sikuambii nani alikuwa sawa. Nakuuliza jambo moja: wakubwa wamerudi kazini kwao, je, wewe na yule jirani mliyetukanana kwa sababu yao mmesharudi kusalimiana?

Na bonasi! Kila mwaka ikitangazwa, mkulima wa kwetu anaona mwenzake wa upande wa Mlima Kenya amelipwa zaidi, na uchungu unapanda. Uchungu huo una haki yake. Mtu ameamka alfajiri mwaka mzima, amebeba kikapu mgongoni kwenye mvua. Lakini tunaanza kurushiana lawama sisi kwa sisi: karani wa kituo ni mwizi, mkurugenzi amekula, aliyempigia mkurugenzi kura naye amekula. Swali la maana, kwamba chai yetu inauzwaje na gharama za kiwanda zinakwenda wapi, linazama chini ya matusi. Mwaka unaofuata bado halijajibiwa.

Hata zile mashine za kuchuma chai zilizoteketezwa Kericho Mei 2023 zinatufundisha jambo hilo. Waliokuwa wakilia walikuwa na hoja nzito, maana mashine moja inachukua kazi ya watu wengi na kuna mama aliyesomesha watoto kwa mikono yake miwili. Lakini moto ulipowaka, mazungumzo yakahama kutoka kwa mama yule yakawa ni ya moto. Hasira ilikula hoja yake yenyewe.

Watu wa kale wa kwetu walilijua hili. Wazee wa kokwet walipoketi kwa kesi, mmoja alisema na wengine wakanyamaza mpaka amalize, hata kama alikuwa anasema upuuzi. Hawakuwa na haraka. Walijua kwamba kesho watachunga pamoja na kunywa mursik pamoja. Sisi tuna simu nzuri kuliko walizoziota, na tumepoteza jambo hilo moja dogo la kumwacha mtu amalize.

BWANA ALIKAAJE MBELE YA WAPINZANI?

Wengine wanadhani utulivu ni woga, au ni kukosa msimamo. Mwangalie Yesu uone.

Katika Yohana 8:48 walimtupia matusi mawili kwa pigo moja. Walimwita Msamaria, na wakasema ana pepo. Sasa soma jibu lake katika mstari wa 49. Alikana la pepo. La Usamaria hakuligusa! Mbona? Bwana hakuona kwamba kuitwa Msamaria ni tusi. Wao walitumia kabila kama tope, yeye hakujipangusa, kwa sababu hakuona uchafu. Mtu akikuita kwa jina la kabila lingine akidhani amekutukana, huna la kukana. Hao nao ni watu waliofiwa na Kristo.

Katika Yohana 18:22-23 askari alimpiga kofi mbele ya kuhani mkuu. Yesu hakurudisha kofi, wala hakunyamaza. Aliuliza swali: kama amesema vibaya, ubaya huo uonyeshwe, na kama amesema vyema, amepigwa kwa nini? Huo ndio utulivu. Shavu linawaka na akili bado inauliza swali zuri. Alidai ushahidi kwa sauti ya kawaida, na hatusomi kwamba askari yule alipata jibu.

Kisha mbele ya Herode, Luka 23:9, aliulizwa mengi na hakujibu hata moja. Herode hakuwa anatafuta kweli. Alitaka maonyesho.

Umeona? Mara moja alijibu sehemu ya shtaka, mara nyingine aliuliza swali, mara nyingine alinyamaza kabisa. Utulivu wake haukuwa dawa moja ya kila ugonjwa. Alikuwa huru kuchagua. Wewe unapowaka hasira huchagui. Aliyekutukana ndiye anayekuchagulia maneno ya kusema. Amekuwa dereva na wewe umekuwa abiria.

BASI TUFANYEJE?

1. Tenganisha jani na kijiti. Unajua kuchuma chai: unachukua majani mawili na kichipukizi, mengine unayaacha mtini. Ujumbe wa hasira nao uchume hivyo. Mtu akiandika, "Nyinyi wachungaji ni matapeli, mnakula sadaka za maskini na hamtoi hesabu," ndani yake kuna tusi na kuna swali. Liache tusi pale lilipo. Chukua swali: hesabu iko wapi? Kama kanisa lako linatoa hesabu, mweleze kwa upole. Kama halitoi, mpendwa, huyo mtu mkali amekufanyia kazi ya nabii bila kujua.

Nasema hivi kwa sababu ya Shakahola. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, watu waliofuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa. Tangu hapo sisi wachungaji tunatazamwa kwa jicho la pembeni, na wengine wanatutukana waziwazi. Na Machi 2025, Rais alipoahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, Jumapili iliyofuata vijana waliandamana nje ya kanisa hilo na polisi wakarusha vitoa machozi. Kuna wapendwa wanaotaka tuombe moto juu ya watu hao. Mimi nasema hapana. Mtu aliyeona Shakahola ana haki ya kumwuliza mchungaji maswali. Tukimjibu kwa laana tutakuwa tumemthibitishia hofu yake.

2. Lilaze jibu lako. Ukiwahi kuingia kiwandani umeona kwamba jani bichi halisagwi likifika tu. Kwanza hulazwa, hupulizwa hewa kwa saa nyingi mpaka linyauke, ndipo linaingia kwenye mashine. Ukilisaga lingali bichi utaharibu chai. Jibu lako nalo ulilaze usiku mmoja.

Sasa mwanafunzi mzuri wa Biblia ataniuliza, "Mchungaji, na Waefeso 4:26? Si tumeambiwa jua lisituchwee tukiwa na hasira?" Swali zuri. Angalia kinachotakiwa kiishe kabla ya jua kuzama. Ni HASIRA yako. Hakuna andiko linalosema lazima ujumbe wako uwe umetumwa kabla ya jua kuzama. Iachilie hasira jioni mbele za Bwana, na jibu ulitume asubuhi. Mara nyingi asubuhi utagundua halihitajiki tena. Na ujumbe wa sauti usiurekodi kabisa ukiwa umekasirika. Maandishi yanaweza kusomwa kwa sauti ya upole, lakini sauti yako ya hasira itabaki ya hasira kila itakapochezwa, hata kwenye matanga yako.

3. Mwangalie Abigaili. Soma 1 Samweli 25. Nabali alimtukana Daudi wakati wa kukata kondoo manyoya, na Daudi, mtu wa zaburi, akajifunga upanga akatoka na watu 400 kwenda kuua kila mwanamume wa nyumba ile. Kwa tusi moja! Mwanamke mmoja akapakia punda mikate 200 na kondoo watano waliotengenezwa, akawahi njiani. Angalia alichomwambia Daudi. Hakumwambia kwamba hajatukanwa. Alimkumbusha kesho yake: siku utakapokuwa mtawala wa Israeli, usije ukawa na damu hii moyoni. Daudi akamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kila kikundi cha WhatsApp kinahitaji Abigaili mmoja. Watu wawili wakianza kuwaka, usikae pembeni ukitazama kama mtu aliyekuja kuona sinema, na usirushe vichekesho vya kuchochea. Mpigie mmoja simu. Mkumbushe kesho yake. "Ndugu, harusi ya binti yenu ni Desemba, na huyu ni mjomba wake." Hiyo ni huduma, hata kama haina madhabahu.

4. Jua wakati wa kuhama. Mwisho wa ile habari ya Luka 9 ni mfupi mno: wakaenda kijiji kingine. Yesu hakukaa mlangoni akibishana. Hakuandika barua ndefu ya kuwaaga. Kama kikundi kimekuwa cha matusi tu, toka polepole. Huna haja ya kulaani ukiondoka.

5. Lakini tishio si maoni. Mtu akisema serikali imekosea, au kanisa limekosea, au wewe umekosea, hayo ni maoni, yavumilie. Mtu akisema kabila fulani liondolewe, au nyumba ya fulani ichomwe, hapo tumetoka kwenye maoni. Usimjibu, usisambaze hata kwa nia ya kuonya watu. Uhifadhi ujumbe, upeleke kwa chifu au polisi. Utulivu wa Kikristo hauwafichi wauaji.

"LAKINI MCHUNGAJI, KWELI ITATETEWA NA NANI?"

Hili ndilo swali ninaloliheshimu kuliko yote. Mtu anaona uongo umeandikwa juu ya imani yake, juu ya watu wake, juu ya mama yake. Akikaa kimya si amekubali?

Mpendwa, jibu. Petro anatuagiza katika 1 Petro 3:15-16 tuwe tayari siku zote kutoa jibu, na hapo hapo anaagiza jibu hilo liwe la upole na heshima. Mambo hayo mawili yako katika agizo moja, usilikate vipande viwili. Toa ukweli unaoujua, mara moja, kwa maneno machache, bila kumdhalilisha mtu. Akirudia tusi, huna deni la kurudia jibu. Wanaosoma bila kuandika ni wengi kuliko mnaoandika, nao wanaona nani alikuwa na hoja na nani alikuwa na povu.

Na ujue jambo moja zaidi. Mtu huwa hafungui moyo akiwa ameaibishwa mbele ya watu. Apolo alipohubiri Efeso bila kuelewa yote, Akila na Prisila hawakumsahihisha mbele ya sinagogi. Walimchukua kando wakamweleza vizuri zaidi, Matendo 18:26. Kanisa likapata mhubiri mkubwa. Wangemkejeli pale mbele, huenda tungempoteza.

MOTO WA KWELI ULIFIKA SAMARIA

Nimalizie pale tulipoanzia, kwa sababu habari ile haikuisha katika Luka 9.

Miaka ikapita. Yesu akafa, akafufuka, akapaa, na siku ya Pentekoste moto ukashuka, Matendo 2. Ulikaa juu ya kila mmoja wao na haukuunguza mtu hata unywele. Yohana alikuwa miongoni mwao. Kisha Filipo akaenda kuhubiri Samaria, watu wakaamini, na mitume walioko Yerusalemu wakatuma wawili kwenda kuwaombea. Soma Matendo 8:14. Ni Petro, na nani? NI YOHANA!

Yule yule aliyetaka Samaria iteketee sasa anaweka mikono yake juu ya vichwa vya Wasamaria, nao wanapokea Roho Mtakatifu. Aliuomba moto ushuke Samaria, na moto ulishuka Samaria, lakini si ule alioutaka. Na mstari wa 25 unasema kwamba walipokuwa wakirudi, walihubiri katika vijiji vingi vya Wasamaria. Vijiji VINGI. Biblia haitaji majina yake. Mimi huwaza kwamba huenda mojawapo kilikuwa kile kilichofunga mlango.

Sasa fikiri. Kama Yesu angekubali ombi la kwanza la Yohana, mikono ile ingewekwa juu ya nani? Kusingekuwa na vichwa. Kungekuwa na majivu.

Yule unayembishia leo, anayekuita mshamba, mjinga, mfuasi wa matapeli, hujui Mungu amepanga nini naye. Usimchome kwa maneno leo, maana huenda miaka michache ijayo wewe ndiwe utakayetumwa kumwombea. Mwana wako aliyekasirika na siasa na kanisa, usimfungie mlango. Baba yako ambaye hakuelewi, usimwite majina. Jirani yetu wa Nyakach, usimrushie neno ambalo mtoto wako atalichukua kama mshale.

Kabla hujaandika Amina hapa chini, nina kazi moja kwako. Kuna ujumbe ulioanza kuuandika jana na hujautuma. Ufungue. Usome kama mtu aliyetumiwa wewe. Uufute, kisha mpigie mtu huyo simu, uanze na salamu: habari za nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Mambo mengine yatafuata, au hayatafuata. Salamu peke yake inatosha kwa leo.

TUOMBE. Baba katika jina la Yesu, umewaona watoto wako wanaoamka na mioyo inayokwenda mbio. Watulize. Ondoa kinywani mwetu moto wa wana wa ngurumo, utupe moto wa siku ya Pentekoste, unaowaka bila kuunguza jirani. Linda Sigowet, linda Soin, linda Sondu pande zote mbili. Tupe masikio ya wazee wetu na ujasiri wa Mwanao, aliyepigwa kofi akauliza swali. Waliotupinga wiki hii tunawataja mbele zako kwa majina yao, na tunaomba uwabariki nyumba zao, watoto wao na mashamba yao. Katika jina la Yesu Kristo.

Sasa andika Amina.

Mchungaji wenu awapendaye, Sigowet.